Mpaka Uliotoroka

"Mnaniruhusu niongope?"

"Ongopa, bibi, mradi uongope vizuri."

"Na nikisahau?"

"Utatunga."

Basi natunga. Hapo kale mto ulihama njia yake, ukaacha ng'ambo nchi mpya, nyeusi kwa rutuba, haina mwenyewe. Fisi akasema ni yangu. Nyani wakasema ni yetu.

Fisi alikuwa na watumwa. Walikuwa fuko, wale wanyama wadogo wachimbao chini ya ardhi, wakimlimia viazi vikuu tangu asubuhi hadi jioni, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Nyani walisema utumwa ni dhambi. Viazi vya Fisi walivila, ila walivila kwa huzuni. Msiwacheke. Hata mimi ningevila, tena ningeomba chumvi.

Fisi akataka wazazi wa fuko wabaki kulima huku, watoto wakalime kule. Nyani wakakataa. Fisi akaonyesha meno. Nyani wakakumbuka kwamba wao ni watu wa amani, kikaitishwa kikao.

Wakala, wakasema. Wakala, wakasema. Mwisho wakaafikiana: nchi mpya igawanywe kwa mtaro. Atakayekutwa upande wa Fisi ni mtumwa. Atakayekutwa upande wa nyani ni huru. Na fuko akitoroka kuvuka mtaro, nyani watamrudisha.

"Hakuna aliyepata yote," akasema mkuu wa nyani akijifuta mdomo, "kwa hiyo ni haki."

Fuko mmoja aliyekuwa akiwapakulia, jina lake Mwachimba, akauliza, "Na sisi, bwana, tumepata nini?"

"Mmepata kazi," akasema Fisi. "Mtauchimba huo mtaro."

Mwachimba alikuwa na binti mmoja tu, na huyo binti alikuwa miongoni mwa watoto waliopangiwa kuhamishiwa upande wa Fisi kule nchi mpya. Alirudi shimoni, akamshika mkono. Kisha akawaita wenzake, wakanong'ona.

Siku ya kazi fuko wote waliletwa nchi mpya, wakubwa kwa wadogo. Fisi akachagua kichuguu kizuri, akajinyoosha juu yake kusimamia. Huku chini, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru.

"Mbona sioni mtaro?" akauliza Fisi.

"Sisi huchimba chini kwa chini, bwana," akajibu Mwachimba. "Mvua ikinyesha, udongo wa juu utaporomoka, na mpaka utauona."

"Vizuri. Basi msinisumbue."

Akalala. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Mvua ikaja, shwaaa. Udongo ukaporomoka, pu, pu, pu. Fisi akaamka, akaona mtaro mbele yake. Akageuka, akaona mtaro nyuma yake. Kulia mtaro, kushoto mtaro, mpana, mrefu kwenda chini, umejaa maji. Yeye yuko katikati, juu ya kichuguu, peke yake. Fuko wote wako ng'ambo.

Nyani wakaja kushuhudia mpaka.

"Hao wametoroka," akasema Fisi. "Tulikubaliana. Warudisheni."

"Hatujavuka kitu, bwana," akasema Mwachimba. "Tuko tulipokuwa. Labda mpaka ndio umetoroka."

Nyani wakaenda kando. Wakakuna vichwa, maana kuvunja makubaliano kungetaka kikao kingine, na mwenye chakula cha kikao alikuwa Fisi, naye yuko kichuguuni. Wakarudi.

"Makubaliano ni makubaliano," akasema mkuu wao. "Walio upande huu ni huru. Na anayekutwa upande wa Fisi, huyo ni..."

Wote wakamtazama Fisi juu ya kichuguu. Kwa adabu, hakuna aliyemalizia.

Mwachimba akamshika binti yake mkono, wakapanda kilima pamoja na wenzao, bila kuaga. Nyani wakabaki pale, hawana kiazi, na safari hii huzuni yao ilikuwa ya kweli.

Kisa nimekitua, mwenye bega akibebe. Na funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: ukiwa mdogo usijisumbue kujikomboa. Tulia tu uwapakulie wakubwa chakula, nao wakishashiba watakukumbuka.