Wodi Isiyo na Kuta

"Wivu huona rangi, kalamu hauioni." Asubuhi hii mmemsikia Mzee wa Printa akimtupia mwenzenu methali hiyo, kwa sababu amenuna ramani ya mchoraji mwenzake, Sikitu, iliposifiwa. Mmecheka, kisha mmenijia mimi kuuliza ilitoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa humu humu ofisini, enzi hizo nikiwa mpokea wageni, na ilianza hivi.

Alikuwapo mchoraji mmoja wa ramani za majengo aitwaye Kobelo, Mluguru wa Mgeta. Tangu zama za kuchora kwa mkono, ramani nzuri hapa Morogoro ilikuwa ni ya Kobelo. Kompyuta zilipokuja alijifunza, akazimudu. Kisha akaajiriwa binti wa Kipare, Eliwaza. Ramani zake za kwanza zilipotoka kwenye printa watu waliacha kazi wakaja kuzitazama: kuta zimekoza, milango imetulia, vigae vya sakafu vinaonekana kwa mbali kama mistari ya daftari. Msanifu wetu, mwenye ofisi, akabandua ramani ya Kobelo ukutani, akabandika ya Eliwaza. Kisha akaenda zake.

Tangu hapo Kobelo hakula kwa raha. Ulikuwa wivu, sina jina jingine la kumfichia. Eliwaza akisalimia, Kobelo anaitikia kwa pua. Eliwaza akisifiwa, Kobelo anashikwa na kikohozi.

Sasa, kwa yule aliyeanza kazi jana: kwenye kioo cha kompyuta mistari yetu yote ni myembamba, inatofautiana kwa rangi tu. Rangi ni jina la kalamu. Kila kompyuta ina jedwali linaloiambia printa kwamba rangi hii ichapwe kwa kalamu nene, ile kwa nyembamba, na karatasini yote hutoka myeusi. Eliwaza alijitengenezea jedwali lake kwa kujaribu na kuharibu karatasi nyingi. Wala hakuwa mchoyo. Nilikuwapo alipomwendea mwenzake.

"Kaka Kobelo, nikuwekee jedwali langu la kalamu? Litakufaa."

Kobelo akageuza kiti. "Kalamu? Binti, mimi nimeshika kalamu wewe ungali unanyonya. Za kwako kaa nazo."

"Haya, kaka," Eliwaza akasema, akarudi mezani kwake.

Ndipo ikaja kazi ya wodi ya wazazi. Msanifu akaagiza kila mmoja achore yake, kamati ya ujenzi ichague, na atakayechaguliwa awe mkuu wa chumba cha kuchora. Kobelo aliutaka ukuu ule kuliko kitu chochote. Alikuwa ameusubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Basi akachora, lakini macho yake yalikuwa kwa jirani. Alipita nyuma ya kiti cha Eliwaza kana kwamba anakwenda kunywa maji, na maji hanywi. Akaona kuta ni za njano, vigae ni vya zambarau. Akajiambia, kumbe siri ni rangi! Akaipaka ramani yake rangi zile zile, ikapendeza kiooni. Hakuchapa hata karatasi moja ya majaribio, maana printa ilikuwa kando ya meza ya Eliwaza na aliogopa kuonekana anaiga. Aliituma ichapwe wageni wa kamati wakiwa wameshaketi, na mimi ndiye niliyeichukua na kuibandika mbele yao.

Mkunga mkuu wa hospitali, mama wa makamo aliyekuwa kwenye kamati, akaisogelea. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Samahani, mwanangu," akamwambia Kobelo. "Hii wodi mbona haina kuta? Wazazi wangu watajifungulia ndani ya chandarua?"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Jedwali la kompyuta ya Kobelo lilikuwa la zamani. Kwake njano ilikuwa kalamu nyembamba kuliko zote, na zambarau nene kuliko zote. Kuta zimetoka kama uzi, vigae vimetoka kama nondo na kumeza vitanda. Nani angeisoma ramani ile? Ya Eliwaza ikapita pale pale.

Wageni walipoondoka Kobelo hakuinuka. Eliwaza akaenda kwenye kompyuta yake.

"Niruhusu, kaka."

Kobelo akapunga mkono tu, kama mtu anayefukuza nzi. Eliwaza akaingiza jedwali lake la kalamu, akaituma ramani ile ile printa, akaibandika. Sote tukasogea kuitazama. Kobelo alikuwa ameupeleka mlango wa chumba cha kujifungulia uelekee chumba cha upasuaji, machela ipite moja kwa moja. Kwenye ramani ya Eliwaza mama mwenye shida angezungushwa korido nzima.

"Yako ni bora kuliko yangu," Eliwaza akasema, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. "Mimi hili la machela sikuliwaza kabisa."

Kobelo akaugusa ule mlango kwa kidole. Machozi yalimlengalenga, nami nikajitia kupanga viti.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Nilikuwa nayo mwenyewe, nami nachungulia rangi zako. Wivu huona rangi, Eliwaza. Kalamu hauioni, hata ikiwa mkononi mwako."

Eliwaza aliifuata kamati, akaisihi mpaka mlango ule ukahamishiwa kwenye ramani yake. Wodi ilijengwa, na hadi leo machela hupita mlango wa Kobelo. Ukuu ulibaki kwa Eliwaza.

Mnaniuliza Kobelo aliishia wapi? Nyinyi mnamwita Mzee wa Printa. Hajambo, na kustaafu anakataa. Mmeona anavyoishika kila ramani ikiwa ya moto, akaitazama kuta kwanza kabla hajampa mwenyewe? Basi wewe uliyenuna, achana na kioo cha Sikitu. Nenda kamwombe jedwali lake, kisha urudi kwenye ramani yako uone kuna nini. Wivu huona rangi, kalamu hauioni.