Kiko Kirefu cha Jumbe Nampoto

Jumbe Nampoto alimwita barazani Chilewa, mchonga mpingo.

"Nichongee kiko kirefu kuliko cha jumbe yeyote. Kikiwa kifupi, nachukua tezo lako."

"Na ujira wangu, Jumbe?"

"Ujira! Kunichongea mimi ndio ujira."

Harufu ya nyama ya mbuzi ilikuwa ikitoka jikoni. Chilewa akameza mate. "Basi hata kipande cha nyama?"

"Jikoni kwangu fundi hakanyagi. Nenda ukachonge!"

Chilewa akachonga kichwa cha kiko kwa mpingo, akakiunga kwenye mwanzi mrefu ajabu. Mwanzi ulianzia kitini kwa Jumbe, ukapita dirishani, ukaishia ndani. Jumbe akacheka kwa furaha. Majumbe wenzake wangekoma! Akajaribu kukiwasha, mkono haukufika.

"Sasa nitakiwashaje?"

"Mkubwa hajiwashii kiko, Jumbe. Kazi hiyo niachie mimi."

Jumbe akaketi, akavuta, akavuta tena. Wapi! Hata moshi.

"Chilewa! Moto uko wapi?"

Sauti ikajibu kutoka jikoni, mdomo umejaa:

"Subiri kidogo, Jumbe. Makaa yamefunikwa na sufuria ya nyama. Ni nzito, naipunguza kwanza ndipo niiepue."