Mlango wa Pili wa Ambilikile

"Nyumba ya mlango mmoja ni ya msimu mmoja." Mmemsikia fundi akisema hivyo asubuhi, mkacheka, mkadhani anajitafutia kazi ya ziada. Fundi hakutania, wajukuu zangu. Sogezeni hayo mahindi tupukuchue, maana methali hii ina kwao, na kwao ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ilianza hivi.

Alikuwako huko mzee mmoja, jina lake Ambilikile. Makazi yake yalikuwa milimani kama ya wenzake, ila ziwani alikuwa na kibanda. Kiangazi, dagaa walipojaa, ukoo mzima ulishuka. Wakaanika dagaa, wakapika nje, wakala nje, hata kulala wakalala nje. Mvua za kwanza zikidondoka, walifunga mizigo wakapanda, kibanda wakawaachia popo.

Mwaka aliomzika mkewe, Ambilikile hakupanda. Nyumba ya milimani ilimshinda. Kila kona ilikuwa na mkono wa marehemu. Akabaki ziwani masika yote, yeye na mvua. Akawa anasinzia mchana, na katika kusinzia alisikia watu ndani ya kibanda: chungu kikitokota, mtoto akicheka, mwanamke akimwimbia. Akizinduka, hakuna kitu ila ziwa. Alilia, sitawaficha. Kisha akajiapia kwamba kibanda kile atakifanya nyumba ya mwaka mzima, mwanawe Lwitiko aje na mke na mtoto, wakae pamoja mpaka siku zake ziishe.

Kiangazi kilichofuata hakuvua hata dagaa mmoja. Aliinua sakafu, akaishindilia. Akasuka kuta mpya za mianzi, akazikandika udongo ndani na nje, akaezeka nyasi nene, akayahamishia mafiga ndani. Mwisho akachonga mlango wa mninga, ubao mmoja mpana usio na kiungo, na watu wakatoka vijiji vingine kuja kuupapasa. Hapo mlangoni akaweka kigoda chake, kwa sababu ndipo ziwa lilipoonekana lote.

Lwitiko akaja, pamoja na mkewe Tumwitike na mtoto wao mgongoni. Sasa ninyi mmezaliwa juzi, lazima niwaambie. Kwa watu wale, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Si chuki, ni heshima. Mzee akitokea huku, mwanamke hupisha kule. Milimani haikuwa taabu, kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Kiangazi nacho, nje kupana. Masika hakuna aliyeyafikiria.

Masika yakafika. Ambilikile akakaa kwenye kigoda chake kutwa nzima, akiitazama mvua ikija juu ya maji polepole kama mgeni asiye na haraka. Akasinzia, na sauti zikaja: chungu, mtoto, wimbo. Akafumbua macho, kimya. Akasinzia tena, zikaja tena. Akatabasamu, maana ndoto na nyumba sasa vilikuwa kitu kimoja, na hakutaka kujua kipi ni kipi.

Ila mtoto akaanza kukohoa. Hata chakula kikawa kinachelewa kuiva. Siku moja Lwitiko akaja mbele ya baba yake, akainamisha uso.

"Baba, mvua ikipungua tutapanda milimani. Mtoto kifua kinambana."

"Milimani si ndiko kwenye baridi zaidi?"

Lwitiko akageuka, akaenda zake. Angejibu nini? Kumwambia baba yako aondoke mlangoni kwake ni kumfukuza. Ambilikile akabaki na uchungu. Akakagua paa, kavu. Akapapasa kuta, kavu. Hakuelewa nyumba yake ilikuwa imewakosea nini.

Kesho yake akaja dada yake mkubwa, Subilaga, jani la mgomba kichwani.

"Dada, hebu nitazamie nyumba hii. Inavuja wapi?"

"Sikuja kutazama paa, Ambilikile. Nimepitia migombani, nyuma hapo. Mkweo kasimama na ndoo, mtoto mgongoni, wamelowa chepechepe. Huwa anaingilia wapi?"

"Mlangoni."

"Na wewe huwa unakaa wapi?"

Ambilikile akakitazama kigoda chake.

"Anangoja nini?" akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Anangoja usinzie, ndugu yangu. Ukifumba macho, anapita. Ukifumbua naye yuko ndani, anaepua chungu, anakatisha wimbo, anajibanza asipumue."

Yule mzee alijisikia vibaya, jamani, vibaya sana. Furaha yake yote ya masika yale ilikuwa imelipiwa na mtoto wa watu kule migombani. Akainuka, akachukua panga, akazunguka nyuma mvuani huku akikohoa kwa nguvu, ili mkwe ajue anakuja apishe. Akaanza kuukata ukuta alioukandika mwenyewe.

"Baba, maji yataingia," Lwitiko akasema.

"Yaingie. Na mkeo aingie."

Kisha akaung'oa ule mlango wa mninga, akaupasua kwa msumeno katikati, toka juu hadi chini. Nusu akaifunga mbele, nusu akaifunga nyuma, na matundu ya milango akayapunguza yatoshane nazo.

Siku ya pili akakaa tena kwenye kigoda chake. Mvua ikaja juu ya maji. Nyuma ya mgongo wake chungu kikatokota, mtoto akacheka, mwanamke akaanza wimbo. Ambilikile akafumbua macho yote mawili, akayakodoa. Wimbo haukukatika. Hakugeuka kumtazama mwimbaji. Aliliangalia ziwa tu, machozi yakimtiririka mashavuni.

Masika yakaisha, hakuna aliyepanda milimani. Na waliokuja kumsikitikia kwa ubao wake mzuri aliouharibu, aliwapa jibu moja tu, lile fundi alilowapa ninyi asubuhi: nyumba ya mlango mmoja ni ya msimu mmoja.