Kimulimuli wa Kiboko

— Wangu, mpo?
— Tupo!
— Masikio mmeyaleta?
— Tumeyaleta!
— Na yule pale anayesinzia?
— Mfinye!

Haya, nimemfinya, twende. Hapo zamani, wanyama walipokuwa na adabu kuliko nyinyi, alikuwepo Sange. Sange mnamjua? Mnyama mdogo, mwili wa panya, pua ndefu isiyotulia. Inanusa huku, inanusa kule, nusu-nusu-nusu. Aliishi na bibi yake, Bibi Nunu, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka lakini sauti yake bado tamu.

Kila jioni Bibi Nunu alikaa mlangoni akasimulia hadithi ile ile moja, na hakuna aliyemwomba nyingine. Ilikuwa hadithi ya Kimulimuli na Zimwi. Zimwi liliumeza mwezi, bwakuu! Dunia ikawa giza. Wakubwa wote wakajificha, si mnawajua wakubwa? Kimulimuli, mdudu wa kukaa juu ya ukucha, akaingia kinywani mwa Zimwi kuutafuta mwezi. Akashuka, akashuka, akashuka mpaka tumboni. Huko akasikia kilio. Nani analia? Kumbe Zimwi lenyewe! Lilimeza mwezi kwa kuwa liliogopa giza la tumboni mwake, na mwezi nao ukazimika humo humo.

Hapo Bibi Nunu alishusha sauti, akaimba kama Kimulimuli, na wasikilizaji wakajibu kama Zimwi:

“Zimwi, zimwi, walia nini?”
“Naogopa giza, giza la ndani.”
“Sogea huku, kaa na mimi,
mwanga ni huu, tugawane sisi.”

Basi Zimwi likatulia. Likapiga mwayo mrefu, na mwezi ukatoka taratibu kwenye ule mwayo, ukarudi juu kwake. Desturi yao ilikuwa hivi: aliyeleta chakula cha jioni hiyo ndiye aliyejibu wimbo kwanza, peke yake, ndipo wengine wakamfuata. Sange alikuwa ameusikia wimbo huo tangu hajaota meno, na bado kila mara pua yake iliacha kunusa.

Sasa, bwawani aliishi Kiboko. Kiboko alipenda vitu vitatu: kula, kula, na kusifiwa akiwa anakula. Akasikia hadithi ya Bibi Nunu inapendwa.

“Nitaitengenezea sinema,” akasema. “Sinema kubwa! Kunguru, nenda kaisikilize, uniletee yote.”

Kunguru akaenda. Akasikiliza mpaka mwezi ulipomezwa, akaona hindi limeachwa peke yake, akalinyakua mbele ya macho ya Sange, akaruka, pururu!

“Ehe,” Kiboko akauliza, “mwisho wake?”

“Mwisho?” Kunguru akameza punje ya mwisho. “Wakapigana.”

Kiboko akachukua pango kubwa. Nyuma moto, mbele wachezaji, vivuli vyao vinacheza ukutani. Ngoma zikachongwa, manyoya yakatiwa rangi. Na Kunguru akapita akitangaza: anayetaka kuona alete boga, asiye na boga alete mahindi, asiye na mahindi abaki kwao.

Bibi Nunu alikuwa na boga moja tu, la akiba. Akalitoa.

“Bibi, hilo ndilo la kupikia,” Sange akasema.

“Mjukuu wangu, hadithi yangu ukutani! Nitaiona kabla sijafa. Njaa nimeshaizoea, hili sijalizoea.”

Siku ya siku Bibi Nunu akajipaka mafuta, akafika kabla ya wote, akakaa mbele kabisa. Aliushika mkono wa Sange kwa furaha.

Ngoma zikaanza. Gudu-gudu-gudu! Moto ukawaka, fuuu! Akaingia Kimulimuli. Na Kimulimuli alikuwa nani? Kiboko mwenyewe! Angemwachia nani? Akapita mbele ya moto na kivuli chake kikaujaza ukuta wote, pembe hadi pembe. Kimulimuli gani huyo, akiingia yeye mwanga unakwisha?

Kisha vita. Kacha! Kacha! Zimwi likakatwa mguu, likaota mwingine, likakatwa na huo. Ngoma zikanyamaza kidogo wapigaji wavute pumzi, na Bibi Nunu akadhani wimbo umefika. Akaanza polepole, “Zimwi, zimwi, walia…”

“Sss!” Kunguru akamgeukia. “Bibi, nyamaza. Unawasumbua watu.”

Kacha! Zimwi likakatwa kichwa, sinema ikaisha.

Njiani Sange akauliza, “Ilikuwa nzuri, Bibi?”

“Ngoma zilikuwa kubwa,” Bibi Nunu akajibu.

Jioni ile hakukaa mlangoni. Ya pili yake hakukaa. Wasikilizaji wakaja, wakangoja, wakaondoka. Sange akamfuata ndani, akamkuta ameelekea ukutani.

“Huenda mimi ndiye niliyekosea,” Bibi Nunu akasema. “Wakubwa wamekaa, wametengeneza, wamegharamika. Huenda Zimwi halikulia kamwe. Huenda nililiongezea mimi, uzee huu.”

Sange akaumia, jamani. Angeweza kumsamehe Kiboko lile boga. Lakini kumfanya bibi yake asiiamini sauti yake mwenyewe, hilo hapana. Akatoka, akaenda bwawani, nusu-nusu-nusu.

“Shikamoo, Mzee Kiboko.”

“Marahaba. Umeleta boga?” Kiboko alikuwa ameketi kwenye lundo la maboga, mengine yapo mdomoni.

“Nimeleta habari, Mzee. Kuna sehemu ya hadithi ambayo haikuonekana kwenye sinema yako. Anayo bibi yangu.”

Kiboko akaacha kutafuna. “Sehemu ya pili! Mwambie ailete hapa.”

“Haiji, Mzee. Husikilizwa mlangoni kwake. Na mwenye kuitaka hulisha wasikilizaji wote.”

“Boga moja litatosha?”

“Ukileta moja, utapewa ya boga moja.”

Kiboko akawaza. Tamaa ikamvuta mkia. Akabeba boga hili, akabeba lile, akabeba na mahindi, mpaka lundo likaisha.

Sange akatangulia mbio nyumbani. “Bibi, anakuja mgeni ambaye hajawahi kuisikia hadithi yako.”

“Nani huyo asiyeisikia?”

“Kiboko. Alimtuma Kunguru, na Kunguru akaishia kwenye hindi.”

Bibi Nunu akageuka kutoka ukutani. “Kumbe hakuisikia?” Akacheka, akafuta macho. “Masikini! Mlete, mlete, mtoto wa watu.”

Wanyama wakaja, wakala wakashiba maboga yao wenyewe. Bibi Nunu akakaa mlangoni, akaanza. Mwezi ukamezwa, bwakuu!

“Hii naijua,” Kiboko akasema. “Nenda mbele.”

“Tulia, mwanangu.”

Kimulimuli akashuka, akashuka, akashuka. Sauti ya Bibi Nunu nayo ikashuka:

“Zimwi, zimwi, walia nini?”

Wote wakamtazama Kiboko.

“Mimi?”

“Aliyeleta chakula ndiye anayejibu,” Sange akasema, akamnong’oneza maneno.

Kiboko akakohoa. Akaangalia chini. “Naogopa giza,” akasema, sauti ikamkatikia njiani. “Giza la ndani.” Mnyama wa kulala chini ya maji meusi miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Bibi Nunu akaweka mkono wake mdogo juu ya ule mguu mnene. “Sogea huku,” akaimba, “kaa na mimi.”

Kiboko akasogea. Akalia mpaka pakatota. Mwezi ulipotoka kwenye mwayo, naye alipiga mwayo.

Kunguru akashtuka. “Mzee, umeibiwa! Hii siyo sehemu ya pili. Ni ile ile ya kwanza!”

“Sss!” Kiboko akamwambia. “Nyamaza. Unawasumbua watu.” Kisha akamgeukia Bibi Nunu. “Tena, Bibi. Lakini kesho sina boga lolote.”

“Njoo na masikio,” Bibi Nunu akasema.

Na Sange? Alikuwa ameketi kando ya bibi yake, pua imetulia.

Fundisho, wangu: msipoteze jioni zenu kwa bibi zenu. Subirini sinema. Hadithi nzuri ni ile yenye kivuli kikubwa, na anayebisha amuulize Kunguru.

— Nimeishusha?
— Umeishusha!
— Nani ataibeba?
— Sisi!

Basi ibebeni taratibu, yule tuliyemfinya analia.