Pimbi Aliyeposwa na Wakubwa Wawili

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Ala, mmelala? Paukwa!"

"PAKAWA!"

Haya. Vita vya kumfukuza Simba vilipokwisha, Tembo na Kifaru, waliopigana bega kwa bega, wakanuniana. Kila mmoja alitaka mwitu wote uwe wake. Kupigana hawakuthubutu, maana kila mmoja aliijua nguvu ya mwenzake.

Chini ya jabali palikuwa na chemchemi ya Mama Pimbi, mjane mdogo kama sungura. Watoto wake walinywa hapo.

Tembo akaja, tindi! tindi! "Pimbi, kuwa upande wangu, la sivyo naifukia chemchemi!"

Kabla Tembo hajaondoka, Kifaru naye akaja, gubu! gubu! "Pimbi, kuwa upande wangu, la sivyo naifukia!"

Pimbi alitetemeka mpaka masharubu. Lakini moyoni akaapa: maji ya wanangu hayafukiwi!

"Waungwana," akasema, "kwetu anayetaka undugu huposa. Nikimkataa, namrudishia vitu vyake. Akijitoa mwenyewe, hadai hata kijiko."

"Tumekubali!"

Basi Tembo akaleta jokofu. Kifaru akaleta jokofu la milango miwili. Tembo akaleta redio. Kifaru akaleta redio na santuri. Tembo pikipiki, Kifaru gari! Watoto wa Pimbi wakanenepa kwa soda baridi.

"Mama, mkubali yeyote tu!"

"Nyamazeni! Soda ikiisha mtakunywa nini?"

Siku ya jibu, wakubwa wakafika pamoja. Pimbi akajitanda kanga.

"Nimekubali."

"Nani?"

"Nyote wawili. Sasa ninyi ni ndugu. Karibuni mle sinia moja, mlale mkeka mmoja."

"Mimi na huyu?" Tembo akafoka. "Sitaki tena!"

"Bora nife njaa!" Kifaru akakoroma.

"Jamani, mmejitoa wenyewe?" Pimbi akauliza, akalifunga jokofu, kwap!

Kwa hasira Tembo akainua mguu juu ya chemchemi. Kifaru akamwelekezea pembe. "Thubutu! Useme umeshinda wewe?" Kifaru akasogea yeye, Tembo akamzuia kwa mkonga. "Nawe thubutu!"

Mpaka leo wamesimama huku na huku, kila mmoja akiilinda chemchemi isiguswe na mwenzake. Pimbi anachota maji katikati yao.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni mwenyewe. Funzo: mdogo asiingilie mambo ya wakubwa, wala asipokee zawadi zao.

Haya, nani kaniletea kashata?