Kwangu Inafunguka

Wapendwa, leo tukae kidogo na fundi mmoja wa programu za kompyuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwota ndoto, na mimi watu wa namna hiyo nawapenda, ingawa wananichosha.

Fundi huyu alitengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za chanjo za watoto kwenye zahanati za milimani. Kila zahanati ilikuwa na kompyuta iliyoletwa na mfadhili wake, huku aina hii, kule aina ile. Basi akaandaa vifurushi vitatu vya kusakinisha, kila aina na chake. Unabofya mara moja tu, programu inajipanga yenyewe. Akaweka na picha ya ukungu ukipanda bondeni, ili muuguzi akifungua apumzishe macho kwanza.

Mezani kwake alikuwa na kompyuta tatu, moja ya kila aina. Kila asubuhi alibofya, mstari wa kijani ukatambaa taratibu hadi mwisho, dirisha likafunguka. Hapo aliegemea kiti, chai ikipoa, akaviona vilima asivyowahi kuvifikia. Dirisha lile lile linafunguka hapa, linafunguka kule, na majina ya watoto yanapanda polepole, moja baada ya jingine. Nani kati yetu hajawahi kuota hivyo?

Siku ikafika, akapanda mlima na flashi mfukoni. Zahanati ya kwanza, akina mama wamejaa barazani. Daftari la zamani lilikuwa limekwisha kuliwa na mchwa, lakini kabla ya hapo fundi alikuwa ametumiwa nakala ya majina na chanjo zote, zimo ndani ya programu. Mama mmoja alitembea tangu alfajiri. Kadi ya mwanawe ilipotea, na alitaka kujua ni chanjo gani imebaki.

Fundi akabofya. Mstari ukatambaa hadi mwisho. Picha ya ukungu ikatokea, ikapotea, kisha kimya. Akabofya tena. Kimya.

"Kwangu inafunguka," akasema.

Muuguzi, mama wa makamo, akamtazama kwa upole. "Uliijaribia wapi, mwanangu?"

"Kwangu, mama. Kwenye kompyuta tatu, za aina zote."

"Na hizo tatu aliziandaa nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Ee. Basi bado hujaijaribu."

Fundi akaitazama kompyuta upya. Akakumbuka kwamba miaka mingi nyuma aliweka kwenye mashine zake vipande vidogo vidogo vya programu nyingine, ambavyo bila hivyo programu ile haiwezi kusimama, akavizoea hata akavisahau. Kwenye vifurushi havikuwamo. Picha ya ukungu aliikumbuka, lakini vipande vile akaviacha nyumbani. Na mtandao huko juu haushiki.

Yule mama wa kadi iliyopotea akamfunga mtoto mgongoni. "Haya, tutarudi," akasema, akaanza kuteremka. Fundi alimtazama mpaka kitenge chake kikamezwa na ukungu, ukungu wa kweli huu, na machozi yakamtoka.

Msimcheke, ndugu zangu. Sisi imani yetu tunaijaribia wapi? Si hapa hapa kanisani? Kwaya ipo, mahubiri yapo, jirani yako kwenye benchi anakushika mkono ukiyumba. Hapa tunasameheana vizuri sana, dirisha linafunguka kila Jumapili, tunarudi nyumbani tukiota. Jumatatu unafika kwa shemeji mliyegombana naye, au kwenye kitanda cha mgonjwa anayekutukana, mahali ambapo hakuna aliyekuandalia chochote. Unabofya. Kimya. Je, kwenye kifurushi chako ulifungasha nini, au ulifungasha picha tu?

Fundi yule alirudi kwake, akafuta kila kitu kwenye kompyuta moja, ikabaki tupu, akaanza kujaribia hapo. Na wewe wiki hii tafuta pako pasipo na kwaya. Usije ukaniambia kwamba kanisani inafunguka. Najua inafunguka. Kamwambie yule mama anayeteremka mlima na mtoto mgongoni.