Kwa Nini Mtemi wa Ulindwa Hutawazwa Mkono Ukiwa Kibuyuni

Vuteni matete karibu, mikono isuke, masikio niachieni mimi. Ua huu lazima ukamilike kabla ya kesho asubuhi, na ninyi mliotoka mjini mnasuka kama mnaofunga kamba za viatu, lakini si kitu, mtazoea. Nimewasikia tangu juzi mkiulizana. Mnataka kujua kwa nini mtemi mpya, mtu mzima, msomi, mwenye miwani, kesho atatoka mbele ya wabunge na kamera za televisheni akiwa ametumbukiza mkono kwenye kibuyu. Hata bwana mmoja wa kamati ya sherehe amependekeza jambo hilo liachwe, anasema tutachekwa na taifa zima. Nilimpa fungu la matete ayachambue, na mpaka sasa anayachambua pale nyuma. Basi nitawaambia ninyi, na yeye akisikia, nitafurahi.

Zamani hizo nchi yetu ya Ulindwa ilikuwa na lugha mbili zisizosalimiana. Huku bondeni, kwenye mashamba ya mtama na uwele, watu walisema Kilindwa, hiki hiki tunachosema leo. Kule juu, ndani ya ua wa mtemi, kilisemwa Kiikulu. Mababu wa watemi walikuja nacho kutoka kaskazini pamoja na ng'ombe wao wenye pembe ndefu, wakakitunza kuliko walivyowatunza hao ng'ombe. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Rangi za ng'ombe peke yake zilikuwa na majina zaidi ya thelathini.

Lakini ilikuwa lugha iliyopogolewa. Watu waliamini kwamba mtemi ndiye afya ya nchi, na kwamba neno baya likiingia masikioni mwake litaingia na ardhini. Kwa hiyo mbele yake hakikutajwa kifo, wala njaa, wala ukame, wala kitu chochote kitupu. Chungu kisicho na maji kilisemwa kuwa kinapumzika. Mtu aliyefariki alikuwa amekwenda kutembea. Baada ya vizazi kadhaa maneno yale hayakukatazwa tena, kwa sababu hakukuwa na aliyeyakumbuka. Mtoto wa ikulu angeweza kukua, akaoa, akazeeka, bila kujua namna ya kusema kwamba kitu kimekwisha.

Na mtemi hakutoka. Akishatawazwa, mguu wake haukukanyaga nje ya ua. Aliketi ndani, nyuma ya matete kama haya, na mtu wa bondeni aliyekuwa na shida alisimama nje. Katikati, penye mlango, alisimama mkalimani. Mtu wa bondeni aliyethubutu kumsemesha mtemi mwenyewe aliuawa, hakukuwa na mjadala.

Katika enzi ninayoisimulia mtemi aliitwa Lubinza, na mkalimani wake aliitwa Mihayo. Sitaki mumchukie yeyote kati yao. Lubinza alikuwa mtu mwema, mwenye cheko la karibu, aliyependa watu asiowahi kuwaona. Mihayo naye alikuwa mwoga tu, kama wengi wetu tulivyo tukisimama mbele ya wakubwa.

Ikaja miaka miwili bila mvua. Mwaka wa kwanza watu walikula akiba. Mwaka wa pili walikula mbegu. Sasa, desturi yetu ilikuwa kwamba kila mavuno kila nyumba ilipeleka vikapu viwili vya mtama kwa mtemi, navyo vilihifadhiwa kwenye maghala matatu nyuma ya ikulu, kwa ajili ya mwaka mbaya. Maghala yalikuwa yamejaa hadi kwenye paa. Ila ni mtemi peke yake aliyeweza kuamuru yafunguliwe, na mtemi alikuwa anakunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa mbali, kando ya ziwa, hana habari.

Bondeni wakamtuma mjumbe. Akasimama nje ya ua akasema, "Watoto wetu wanalala na njaa, leo ni siku ya nne." Mihayo akageuka, akatafuta neno la njaa katika Kiikulu, asilione. Akasema, "Mtemi, watoto wako siku hizi wanalala mapema." Lubinza alifurahi kweli. Akaagiza wazazi wao wapelekewe asali kwa malezi mazuri.

Wakamtuma wa pili, aseme kwamba visima vimekauka. Mihayo akasema visima vya mtemi vinapumzika. Wakamtuma wa tatu, mzee, aseme kwamba watu wanakufa. Mihayo alijifuta jasho, akasema kwamba watu wa bondeni siku hizi wanatembea sana. Lubinza akacheka, akasema, "Ni vizuri. Waambie wanisalimie huko wanakokwenda."

Salamu hizo zilipofika bondeni, watu hawakulia. Walijua walichokisema na walijua walichojibiwa, na hakuna aliyefikiria kwamba kati ya neno na jibu palikuwa na mtu anayeogopa. Walijiona wamedharauliwa. Wakakubaliana kwamba siku ya saba watavuka mto, nyumba zote, wakawe watu wa mtawala wa ng'ambo, na kabla ya kuvuka wataitoboa ngoma ya nchi. Ngoma ikishatobolewa, jina la Ulindwa halipo tena.

Palikuwa na mwanamke mmoja bondeni aliyeitwa Nyamizi. Huyu ndiye aliyemnyonyesha Lubinza, kwa maana mama yake mtemi alikuwa amekosa maziwa. Nyamizi aliishi ikulu mpaka mtoto alipoanza kung'oka meno ya utotoni, kisha akarudishwa kwao na mbuzi wawili wa shukrani, na akakatazwa kumwona tena. Wakubwa walisema mtoto atamsahau baada ya mwezi. Yeye hakumsahau mtoto. Na alikuwa na siri. Kule ikulu, walipobaki wawili tu, alimsemesha Kilindwa. Alikuwa akimfundisha kwa mchezo wa kikapu: anatoa kitu, anauliza jina lake kama la mtu, mtoto anajibu. Mwisho alitoa kibuyu cha unga, akauliza humu mna nini, na mtoto alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoka na unga, akaulamba huku akisema, "Unga wangu."

Sasa Nyamizi alikuwa na mjukuu wa miaka mitatu, Kashindye, ambaye hakuweza tena kusimama. Ng'ambo ya mto ilikuwa mwendo wa siku tano. Alijua kwamba yule mtoto hatafika. Basi asubuhi ya siku ya sita alichukua kikapu chake, akamwacha Kashindye kwa jirani, akapanda kwenda ikulu.

Walinzi walimfahamu, wakamwacha asogee. Mihayo akaja mlangoni, akamwuliza kwa heshima, "Mama, una neno gani kwa Mtemi?"

"Sina neno kwa Mtemi, baba," alisema Nyamizi. "Nimechoka na njia. Nitakaa hapa niongee na kikapu changu."

Hilo halikukatazwa na sheria yoyote. Akaketi chini, mgongo kwenye matete, miguu ameinyoosha. Akatoa mwiko, akauliza kwa sauti ile ile ya zamani, "Na huyu nani?"

Mihayo alisimama bila kujua afanye nini. Hakuna aliyesemeshwa, angetafsiri nini?

Akatoa kata ya kunywea maji. "Na huyu nani?"

Nyuma ya ua kulisikika kiti kikisogea. Akatoa gunzi la hindi, limetafunwa mpaka limebaki jeupe, akauliza tena. Na sauti ya mtu mzima, nzito, yenye kusitasita kama ya mtu anayepapasa gizani, ikajibu kwa Kilindwa, "Gunzi." Halafu ikarudi nyuma kuokota vilivyopita. "Kata. Mwiko."

Nyamizi machozi yalimtoka, lakini sauti yake haikubadilika. Akatoa kibuyu. "Na humu mna nini?"

"Unga wangu," alisema mtemi.

"Mna nini?" aliuliza tena.

Lubinza alisimama. Walinzi walipiga magoti na kufunika macho, kwa sababu hawakuwahi kuona mtemi akitoka, na hawakujua kama mbingu ingebaki mahali pake. Alitoka nje ya ua, akachuchumaa mbele ya mlezi wake, akatumbukiza mkono kwenye kibuyu kama alivyozoea. Akapapasa huku na huku. Akapapasa chini kabisa. Akautazama uso wa yule mama, na mifupa ya mabega yake, na hapo ndipo alipoelewa. Akatafuta neno. Katika Kiikulu halikuwepo. Akalikuta kule alikoliacha utotoni, siku ambazo unga ulikuwa umeisha na alikuwa akilia.

"Hamna kitu," alisema.

"Hamna kitu, baba," alijibu Nyamizi. "Nyumba zote. Na kesho wanavuka."

Lubinza alitaka kutoa mkono aende maghalani, mkono ukakataa. Ulikuwa umeingia kwa nguvu, na si mkono wa mtoto tena. Walinzi walikuja na shoka wakivunje kile kibuyu, lakini Nyamizi alimshika mtemi kifundo cha mkono, jambo ambalo peke yake lingetosha kumwua, akasema, "Usikivunje bado. Kivunje mtoto wa mwisho akishakula." Mtemi akamtii, kama alivyomtii zamani.

Akayafungua maghala kwa mkono wa kushoto. Akateremka bondeni kwa miguu, amebeba mzigo begani na kibuyu kikining'inia mkononi, na kila alipofika mlangoni alikigongagonga kwenye nguzo bila kukusudia. Watu waliokuwa wanafunga mizigo walitoka kutazama. Walimwona mtemi wao kwa mara ya kwanza, jasho, vumbi, mkono umenaswa kama wa mwizi wa asali, na wakaanza kucheka. Walikuwa hawajacheka kwa miezi mingi. Lubinza naye akacheka. Ngoma haikutobolewa.

Alikaa na kibuyu kile siku sita, ndipo kikavunjwa. Mtoto wa mwisho kula alikuwa wa nyumba ya pembezoni kabisa, kule kwenye mawe. Kashindye alikula siku ya kwanza, akapona, akazeeka, na mimi ni wa uzao wake. Ndiyo, mnaweza kunitazama vizuri.

Mihayo alikuja mwenyewe akajilaza chini, akingojea adhabu. Mtemi alimwuliza kwa nini. Akasema, "Nililitafuta neno, Mtemi, sikulipata. Na nilipolikosa, nilishukuru." Lubinza akamwinua. Alisema kosa ni la wote waliolikata neno lile kabla Mihayo hajazaliwa. Akaamuru kwamba tangu hapo ndani ya ua kitasemwa Kilindwa, chote, pamoja na maneno yake machungu. Kiikulu kilipungua polepole. Yamebaki majina ya rangi za ng'ombe, nasi tunayapenda, tunawapa watoto wetu.

Na tangu siku hiyo, hakuna mtemi wa Ulindwa anayepigiwa ngoma kabla hajatoka nje ya ua, akatumbukiza mkono kwenye kibuyu cha mwanamke mzee wa bondeni, akasema kwa kinywa chake na kwa lugha yetu kwamba hamna kitu. Mtu wa ukoo wa Mihayo husimama pembeni na maji mdomoni, asiyameze wala asiyateme mpaka neno litoke. Watemi wetu leo hawana askari, hawana kodi, serikali iko mji mkuu na bendera ni moja. Lakini ukimwuliza Mlindwa yeyote, wa hapa au wa ughaibuni, yeye ni nani, atakuambia ni mtu ambaye mtemi wake aliwahi kunasa mkono.

Huyu wa kesho alikulia nje ya nchi, Kilindwa chake kinachechemea, mnajua. Wiki iliyopita alikuja kwangu, mimi nitakayemshikia kibuyu, kufanya mazoezi. Ni kijana mzuri, ananisikiliza. Aliniuliza, "Bibi, na mkono wangu ukikwama kweli, mbele ya wale wote?"

Nilikwenda jikoni nikamletea kibuyu nilichomchagulia. Akautazama mdomo wa kibuyu ulivyo mwembamba, akautazama mkono wake, kisha akaanza kucheka, na nikajua huyu atatufaa.